Alama Chini ya Spindeli

Nyundo zangu mmezigawana kabla sijamaliza chai ya kuagwa, na sina kinyongo. Nyundo isiyopigwa hushika kutu. Lakini hapo hapo kwenye chai mmoja wenu, simtaji jina, aliniinamia sikioni akaniuliza siri ya kupanda mpaka kuwa msimamizi wa karakana. Nilimjibu kwa kikohozi. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili ofisini, na panya wakipenda wazisome. Mimi nitawaandikia habari za ngozi ya chuma na jinsi nilivyojifunza kuiogopa, kule Garsen, miaka ya hamsini, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Habari zenyewe si za kuchekesha. Mwenye haraka na aende zake.

Kwetu ni Kulesa. Baba alilima mpunga na ndizi kando ya Tana, nami ningelima vivyo hivyo lau si mafuriko yaliyotwaa shamba mwaka niliooa. Nikateremka Garsen kuvuta pantoni. Gari lolote lililokwenda Kipini au Lamu lilivushwa mto juu ya pantoni ile, nayo ilivutwa na mikono ya watu kwenye waya mnene uliokazwa kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Waya ulikuwa mzee, nyuzi zake zimekatika na kusimama kama miiba, na viganja vyetu vilikuwa vidonda vitupu. Juu kidogo ya kivuko palikuwa na gereji ya Kalasinga mmoja aitwaye Fundi Harbans. Alikuwa akitafuta mtu wa kumpigia mivukuto, akaja akatukagua mikono mmoja mmoja, akanichagua mimi. Baadaye nilimuuliza sababu. Alisema alitaka mtu ambaye mikono yake imekwisha kuharibika, ili asije kumlaumu yeye.

Fundi Harbans alikuwa mtu mrefu wa kilemba cha kijivu, ndevu zake amezifunga kwa kitambaa zisirukiwe na cheche. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana kubwa za bara, akagombana na mkubwa wake, akaja Garsen ambako, kwa maneno yake, hakuna mkubwa ila mbu. Hakuwa mpole. Akikuona unatupa tupa juu ya tupa nyingine sandukuni, angekutukana kwa Kipunjabi mpaka ukadhani kuna mtu kafiwa. Lakini kila ninachokijua ni chake, na leo hii mkono wangu ukishika chuma huwa nasikia sauti yake ikinigombeza.

Siku yangu ya kwanza hakunipa mivukuto. Aliburuta kreti lililojaa vyuma vilivyovunjika, springi za malori, boliti, vipande vya ekseli, akanikalisha mbele yake.

"Leo kazi yako tazama tu," akasema.

Nikatazama mpaka shingo ikauma. Jioni akaja kuuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona vyuma vilivyovunjika. Akaenda zake, na kesho yake nikakuta kreti liko pale pale. Siku hiyo ndipo macho yalipofunguka. Kila uso uliovunjika ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa laini, ina mistari iliyopinda, mmoja nje ya mwenzake, mfano wa ile mistari inayoachwa na Tana kwenye matope ya ukingo maji yanapopungua siku baada ya siku. Sehemu ya pili ilikuwa na chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Na mistari yote, ukiifuata kurudi nyuma, ilikwenda kukutana mahali pamoja pembeni, kwenye ngozi ya chuma, na mahali hapo hapakosi kitu: mkwaruzo, shimo la kutu, au kovu la nyundo ya mpumbavu fulani.

"Hii laini," Fundi akanionyesha kwa kucha, "chuma ilikuwa nakufa pole pole, mwaka muzima. Hii nyingine ilikufa siku moja. Watu naona hii siku moja tu, nasema dereva mbaya, barabara mbaya. Wewe angalia ilianza wapi. Chuma hapana anza kufa katikati. Inaanza kwa ngozi."

Hilo ndilo somo lote, vijana, na mengine ni maelezo. Chuma huchoka. Mzigo ambao leo hauwezi kukivunja, ukirudiwa kila siku kwa kila shimo la barabara, utapata mkwaruzo mmoja na kuanza kuufungua, kidogo kidogo, na kwa nje hutaona kitu. Kazi yetu ilikuwa kukinyima chuma mahali pa kuanzia kufa.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa tupa na msasa: kusugua mpaka kovu liishe na chuma kilainike. Ya pili ilikuwa nyundo ya kichwa cha mviringo, na hii ndiyo iliyowashangaza wateja, kwa sababu mtu analeta springi nzima kabisa nasi tunaanza kuipiga. Tulipiga mapigo madogo, yaliyokaribiana, mpaka uso wote ukajaa vibonyeo mfano wa ngozi ya mtu aliyeugua ndui akapona. Kila pigo hutaka kuitanua ngozi ya chuma, nayo ikakosa pa kutanukia, ikabaki imejibana. Ufa ukitaka kufunguka hapo unakuta pamebanwa. Springi iliyopigwa vile ilidumu kwenye barabara za kwetu kuliko mpya ya dukani. Njia ya tatu ilikuwa kupika. Pini za springi tulizifungia ndani ya kopo la chuma pamoja na makaa ya mifupa, tukaziba kwa udongo, tukaacha kwenye moto mchana kutwa, zikatoka na ngozi ngumu na moyo laini. Mifupa ya ng'ombe haikuwa taabu kuipata Garsen. Taabu ilikuwa maneno ya watu. Walisema Kalasinga na yule Mpokomo wake, yaani mimi, wanapika mifupa kwa uganga, na kuna mama mmoja alikuja kwa siri kutaka dawa ya mume.

Na kabla ya yote tulipima ufa. Unapaka mafuta ya taa, unayaacha yazame, unafuta mpaka chuma kikauke, kisha unapaka chokaa ya maji na kungoja. Kama kuna ufa usioonekana, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chokaa. Nimeona madereva watu wazima wakisimama mbele ya mstari ule kama wamesomewa hukumu.

Sasa nifike kwenye habari ya Mzee Dhadho.

Mzee Dhadho alikuwa Mworma, wa wale wafugaji wa Tana, mwenye ng'ombe wengi, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Aliuza ng'ombe akanunua lori, baadaye akanunua la pili. Malori yake yalipeleka ngozi na watu Malindi na kurudi na unga na sukari. Lori la kwanza liliendeshwa na mwanawe mkubwa, Galgalo, aliyekuwa rika langu na rafiki yangu. Galgalo akija gerejini alikuja na kibuyu cha maziwa, akakaa juu ya tairi bovu na kunicheka jinsi nilivyo mweusi kwa masizi. Aliendesha vizuri, tena kwa adabu, na hakuna mzee wala mama mjamzito aliyemwacha barabarani. Lori la pili lilikuwa mikononi mwa mdogo wake, Wario.

Msimu mmoja Tana ilijaa mpaka pantoni ikasimamishwa, na malori yakakwama pande zote mbili wiki nyingi. Lori lililokaa bila mwenyewe halikai zima. Maji yaliposhuka, Mzee Dhadho aliona springi zake mbili nzuri chini ya lori la mtu mwingine. Yule mtu akaapa ni zake. Jambo likapelekwa kwa wazee, nao wakamuuliza Mzee Dhadho swali ambalo huulizwa kila mfugaji aliyeibiwa: alama yako ni ipi? Mtu ambaye ng'ombe wake walitambulika kutoka Garsen hadi huko juu Hola alisimama mbele ya watu na kujibu kwamba springi zake hazina alama. Nadhani ile aibu ilimuuma kuliko springi zenyewe.

Basi akatia alama. Ya nyumba yao ilikuwa mistari miwili mifupi sambamba, na kwa desturi yao, mtoto akipewa mifugo yake mwenyewe, baba humwongezea mstari wake wa tatu kando ya ile miwili. Galgalo hakupewa kundi, alipewa lori. Mzee akachinja, akaalika watu, mimi nikiwa mmoja wao, akatangaza kwamba lori ni la Galgalo na alama yake imetiwa. Tulishiba nyama tukamwombea mwenye lori heri. Hatukuuliza alama imetiwa wapi.

Niliijua siku lori lilipokuja kutiwa grisi. Nilivua gurudumu la mbele, nikapangusa spindeli, na kidole changu kikagundua kabla ya jicho. Kwa wale ambao mmeingia karakana juzi: spindeli ni kile kigogo kifupi cha chuma ambacho gurudumu la mbele huzungukia. Uzito wote wa upande ule umekaa juu yake. Barabara husukuma gurudumu juu, kwa hiyo ngozi ya chini ya spindeli huvutwa kila gari linaporuka shimo, na panapovutwa zaidi ni karibu na bega, pale kigogo kinapotoka. Mzee Dhadho alikuwa ameilaza alama yake chini, karibu na bega. Mistari mitatu imekatwa kwa tindo, mikali, ikikingama na mwili wa chuma. Alichagua ndani ya gurudumu, tena chini, kwa sababu mwizi hatazami huko. Ungemzungusha fundi mwenye nia mbaya lori zima asingepata mahali pabaya kuliko hapo.

Nikamwita Fundi. Alilala chini akakaa huko muda mrefu. Tulivua gurudumu la pili, tukakuta vilevile. Tukapima kwa mafuta na chokaa, na chokaa ikabaki nyeupe; ufa ulikuwa haujaanza. Fundi akatuma mtu amwite Mzee.

Mzee Dhadho alikuja akasimama mlangoni na fimbo yake begani. Fundi akamweleza, kwa Kiswahili chake kilekile, kwamba mistari ile itaivunja spindeli, si leo wala kesho, lakini itaivunja. Akaomba ruhusa aisugue mpaka iishe.

"Harbans," Mzee akasema, "mimi nauliza wewe. Mtu nafuta alama kwa ng'ombe ya mtu, kwenu naitwa nani?"

Fundi akajipangusa mikono kwa kitambaa.

"Sema tu. Naitwa nani?"

"Mwizi," Fundi akasema. "Lakini hii hapana ng'ombe, Mzee. Ng'ombe nakata sikio, kidonda napona. Chuma hapana pona."

"Kama ni mbovu hivyo, mbona natembea?"

"Natembea leo."

"Basi."

Fundi akambembeleza, jambo ambalo sijamwona akilifanya tena maishani. Akasema alama itiwe kwenye kitovu cha gurudumu, au mlangoni, au aipake kwa rangi. Mzee akasema rangi huoshwa ikaondoka, na mlango hung'olewa. Akaniangalia mimi kidogo, kama mtu anayehesabu upya marafiki wa mwanawe, akaondoka.

Nikamwendea Galgalo. Nikamwambia baba yake akienda malishoni alilete lori, kazi yenyewe ya asubuhi moja tu, na mzee hatajua kitu. Alikuwa akichonga mswaki. Aliendelea kuchonga.

"Komora, ndugu yangu," akasema, "ile miwili ni yake. Ule wa tatu ni mimi. Siku ukifuta ule, mimi ni mtoto wa nani?"

"Utakuwa mtoto wake na uko hai."

"Wewe sema tu. Wewe hukuwekewa."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye na baba yake ni vichwa vigumu, na kwamba ng'ombe wamewaingia akilini. Akanicheka, akanipa maziwa, nikanywa huku nimenuna.

Fundi ndiye aliyepata njia ya katikati. Alifua kitindo kidogo chenye pua ya mviringo, akasema tutaiacha mistari pale pale, isomeke, lakini tutaipiga ndani kwa kile kitindo mpaka chini yake pawe mviringo badala ya kona kali, na ngozi ya humo ijibane. Si dawa kamili, alisema, ila ni bora kuliko kumwachia Mungu peke yake. Galgalo akakubali, maana alama inabaki. Akaleta lori. Tukaanza upande wa kushoto. Fundi alipiga kwa saburi ya fundi dhahabu, mstari baada ya mstari, nami nikimshikia taa. Tulipomaliza, ungeweza bado kuisoma alama kwa kidole, lakini haikukwaruza tena.

Tulikuwa tumevua gurudumu la kulia, Fundi ameshaweka kitindo kwenye mstari wa kwanza, Mzee Dhadho akatokea. Sijui nani alimwambia. Aliona nyundo, aliona kitindo ndani ya alama yake, akaona anachokijua: watu wanaofuta alama.

"Nyinyi naziba," akasema.

Galgalo akaanza kumweleza kwa Kiorma, haraka haraka. Mzee hakumsikiliza. Alipiga fimbo ubavuni mwa lori mara moja, na Galgalo akachukua gurudumu akalirudisha mwenyewe. Nilimshikia nati. Wakaondoka, na tangu siku hiyo lori lilitiwa grisi Malindi. Upande wa kushoto tulikuwa tumemaliza. Wa kulia hatukuugusa.

Miezi ikapita. Kila lori lile liliposhuka kivukoni nilikuwa natoka mlangoni kutazama gurudumu la kulia, kana kwamba macho yangu yangelishikilia. Galgalo alinipungia mkono. Siku nyingine alipiga honi kunidhihaki, akipaza sauti kwamba bado linatembea. Nami nilimtukana kwa furaha, kwa sababu kweli lilikuwa linatembea.

Lilivunjika wakati wa kiangazi, kwenye uwanda wa kule Idsowe, ambako udongo mweusi ukikauka hugeuka matuta magumu kama matofali. Lilikuwa limebeba ngozi na abiria. Mtu alikuja mbio kutuita, tukapakia jeki na magogo, tukaenda. Nilijua kabla sijafika. Gurudumu lilikuwa limelala peke yake kichakani, mbali na lori, na lori lilikuwa limelala ubavu. Mama mmoja wa Golbanti na mchunga mbuzi mmoja walikuwa wamekwisha kufa, wamefunikwa kwa ngozi zile zile za kuuza. Galgalo alikuwa hai. Kibanda cha dereva kilikuwa kimembana kuanzia kiunoni kwenda chini, na alikuwa akizungumza vizuri tu, akiwauliza watu kama mbuzi wa yule mchungaji wamepatikana.

Nikapiga magoti kando yake. Fundi alikuwa akipanga magogo, polepole mno, nikaona ananichelewesha.

"Ni la kulia?" Galgalo akaniuliza.

"La kulia."

Akafumba macho, akafumbua.

"Usimwambie mzee. Sema ni barabara. Barabara ni mbaya, kila mtu anajua."

Nikamwambia anyamaze, tutamtoa. Fundi akaja akamwinamia, akamuuliza kama ana neno lingine la kusema. Galgalo akasema hana, na maji kidogo yangefaa. Tulimpa maji. Ndipo Fundi akapiga jeki, lori likainuka, na Galgalo akafa pale pale, kwa damu iliyokuwa imezuiwa na uzito wenyewe. Fundi alijua itakuwa hivyo. Mimi sikujua, na nimemshukuru mara nyingi kwa kutoniambia.

Kipande cha spindeli tulikichukua sisi. Wakati wa matanga watu walianza kusema. Walisema Kalasinga aliligongagonga lori lile kwa nyundo, na kila mtu alimwona, na sasa limevunjika pale pale alipogonga. Nilimweleza Fundi maneno ya Galgalo. Nilimwambia ni wasia wa marehemu, kwetu haukiukwi, na kwamba mzee yule akijua atakufa yeye pia. Fundi alisikiliza huku akifuta miwani.

"Ile lori ingine nani naendesha?" akauliza.

"Wario."

"Iko na alama?"

Alijua kwamba Wario naye amewekewa, nami nilijua.

"Galgalo nasema vizuri, kwa sababu yeye mutoto," Fundi akasema. "Lakini mimi hapana taka inua lori tena."

Matanga yalipokwisha Mzee Dhadho alikuja na wazee wawili. Walikuja kutaka neno la Fundi, na nyuso zao hazikuwa za mazungumzo. Fundi hakujitetea. Aliweka juu ya meza kile kipande kilichovunjika, na kando yake spindeli ya kushoto ambayo tulikuwa tumeifungua kwenye mabaki. Akawaonyesha: huku tulipiga, huku hatukupiga. Akawaeleza habari ya sehemu laini na sehemu ya chembe. Kisha akamsogezea Mzee kioo cha kukuzia, akarudi nyuma.

Mzee Dhadho aliinama juu ya kioo. Huyu alikuwa mtu aliyefuata nyayo za ng'ombe mmoja aliyepotea katikati ya nyayo za kundi zima, na alisoma chuma kile jinsi alivyosoma ardhi. Kidole chake kilianza kwenye mstari wa nje wa ile mistari iliyopinda, kikaingia kwa uliofuata, kikarudi, kikarudi, mpaka kikafika pembeni na kusimama. Alikigeuza kipande atazame chini yake. Akahesabu kwa ukucha.

"Huu," akasema. "Huu ni ya Galgalo."

Mmoja wa wale wazee akasema ni kazi ya Mungu, na mja hana la kufanya.

"Mungu hapana shika tindo," Mzee akasema.

Akatoka. Wazee wakamfuata, na mmoja alisahau fimbo yake ukutani asirudi kuichukua.

Baada ya siku chache lori la pili likasimama mlangoni. Wario alikuwa kwenye usukani, baba yake kando. Mzee akasema magurudumu ya mbele yavuliwe. Nikavua. Alama zilikuwepo, mistari mitatu kila upande, chini, karibu na bega. Fundi akapima kwa chokaa, tukangoja sote, na chokaa ikabaki nyeupe. Akapima unene, akasema mikato haikuzama sana, chuma kitavumilia kusuguliwa. Nikachukua tupa.

"Lete," Mzee akasema. "Mimi nilitia. Mimi nafuta."

Alilala chini ya lori kwenye mchanga wenye mafuta, mtu mzima yule, na kanzu yake safi ya kufiwa. Alianza na mstari wa Wario. Na alipiga tupa vibaya. Alikata kwa kukingama mwili wa chuma, mbele na nyuma, kama anayekata kuni, na kila alipopitisha aliacha mikwaruzo mingi midogo ikielekea upande uleule wa alama yenyewe. Chuma husuguliwa kwa kufuata urefu wake. Ukikikingama unapanda mbegu za nyufa nyingine. Niliinuka kumwambia. Fundi akanishika mkono wa shati.

"Wacha," akaninong'oneza.

Tukamwacha. Alisugua upande mmoja, akahamia wa pili, akilia bila sauti, na Wario amesimama pale hajui aangalie wapi. Ilikuwa karibu alasiri alipotoka chini ya lori. Alimwita Wario, akamshika kidole gumba, akakipitisha juu ya chuma mwenyewe.

"Iko?"

"Haiko, Aba."

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji, akatembea kuelekea mtoni kuswali. Fundi akanipa msasa. Nililala pale alipokuwa amelala, mchanga bado una umbo la mgongo wake, nikaanza kusugua kwa urefu, taratibu, nikifuta mikwaruzo ya mkono wake mmoja baada ya mwingine, huku nikichungulia mlango asije akarudi na kuniona. Wario alinishikia taa. Nilipopangusa vumbi, chuma kilikuwa kinang'aa pande zote, na hakikuwa tena na dalili yoyote kwamba ni cha mtu.